Somo la Malezi: Mtoto Aliaye Siku ya Furaha Yake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akamjaalia kicheko na kilio. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Somo hili ni la akina baba, na khasa watu wa pwani waliotoka makwao wakaenda bara kutafuta riziki. Linahusu jambo ambalo wengi hulidhania dogo, nalo lina athari kubwa katika moyo wa mtoto: kilio chake na ghadhabu zake katika siku ya kuzaliwa kwake, siku ambayo watu wote walimtazamia acheke.

1. Siku ya kuzaliwa katika dasturi za watu

Watu wa pwani tangu zamani waliihifadhi siku ya kuzaliwa ndani ya jina. Aliyezaliwa Ijumaa huitwa Juma au Mwanajuma, na wa Alkhamisi huitwa Khamisi. Wa mwezi wa kufunga huitwa Ramadhani. Na siku ya saba huchinjwa akika, mtoto akanyolewa nywele na kupewa jina, kama ilivyopokewa katika sunna. Kisha huja arobaini, mama akatoka nje na mtoto wake.

Wasukuma, ambao ndio wenyeji walio wengi wa Bariadi na wilaya zinazoizunguka, nao wana mwendo ulio karibu na huo. Mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula, na akiwa wa kike Kabula. Mapacha ni Kulwa na Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Nyanzala ni jina la binti aliyekuja ulimwenguni wakati wa njaa. Basi jina humwambia mtu, kila anapoitwa, alizaliwa katika hali gani, ijapokuwa hapana aliyeandika tarehe.

Siku hizi tarehe imeandikwa. Imo katika kadi ya kliniki, imo katika cheti cha kuzaliwa kitolewacho na RITA, na shule haimpokei mtoto bila ya kuiuliza. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga, na Bariadi ikafanywa makao yake makuu. Tangu hapo wamezidi kuhamia mjini watumishi, walimu na wenye maduka kutoka kila upande wa nchi, kila mmoja na dasturi zake. Miongoni mwa dasturi zilizoenea ni hii ya kukata keki kila mwaka, kuwasha mishumaa, kuimba na kupiga makofi, mtoto kuwalisha wageni kwa mkono wake, na kummwagia maji kwa ghafla kwa mzaha.

Katika kuiadhimisha siku hiyo kila mwaka wanazuoni wana maneno yao, na kila mtu na amuulize anayemwamini kwa elimu. Somo hili halikukusudia hilo. Kwani iwe baba amefanya sherehe, au amekataa, au hakuwa na uwezo, mtoto wake ameisikia siku hiyo kwa wenziwe, na moyo wake umekwisha kuamka. Linalobaki ni kujua namna ya kukutana na moyo huo.

2. Mfano

Na uchukuliwe mfano wa mtu wa Tanga aliyefungua duka la vitambaa mjini Bariadi. Ana mke na binti anayetimiza miaka minne. Mwezi mzima binti husikia, "Siku yako inakuja." Ilipofika, aliamka kabla ya alfajiri. Uji wa asubuhi hakuumaliza, na usingizi wa mchana hakuupata, kwa kuwa kila mlango ukigongwa alikwenda kutazama. Akavikwa gauni jipya lenye kumkwaruza shingoni. Alasiri wakaja majirani na watoto wao, nyumba ikajaa, na watu wazima wakainua simu zao kumpiga picha.

Walipokuwa wakiimba, kijana mmoja alimjia kwa nyuma akammwagia kopo la maji baridi. Watu wote wakacheka. Binti hakucheka, wala hakulia. Alisimama kimya akitetemeka. Akafutwa kwa kanga, akashikishwa kisu, akaambiwa akate keki na amlishe kila mtu. Akalisha wawili, watatu, wanne. Kisha mtoto wa jirani akachukua kipande chenye ua jekundu, kile alichokuwa akikitazama tangu asubuhi. Hapo binti alipiga ukelele, akaitupa sahani, akajitupa chini na kujigaragaza mbele ya wageni wote.

Baba aliona uso wake ukiwaka moto. Akayasikia ndani ya nafsi yake maneno ambayo hapana aliyeyasema: "Mtazameni mtu wa pwani, hujisifu kwa adabu, na mtoto wake hana adabu." Akauinua mkono ampige.

Pale palikuwa na mzee wa Kisukuma, jirani yake, mtu wa ng'ombe. Akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mkono huo ungoje. Ndama akifikishwa mnadani mara ya kwanza, akaona watu na kelele na vumbi, hukata kamba. Si mkaidi, ameona makubwa kuliko macho yake. Mwenye akili hampigi pale. Humtoa kundini, akamweka kivulini mpaka atulie. Na huyu ni mtoto wako, si ndama."

Baba akaushusha mkono. Akaona haya, akamjibu, "Ahsante, mzee wangu." Akambeba binti huku akipiga mateke, akatoka naye nyuma ya nyumba, akaketi naye chini ya mwarobaini. Hakusema neno. Kilio kikaendelea kitambo, kisha kikawa kwikwi, kisha pumzi ndefu, na mtoto akalala begani mwake na gauni lake bichi. Wageni wakala, wakashukuru, wakaenda zao.

Usiku binti alipoamka alisema neno moja: "Baba, yale maji yalinitisha."

Hapo baba akafahamu. Wote waliiona sahani, na hapana aliyeyaona maji. Na lau angempiga, mtoto angaliadhibiwa kwa kuogopa, wala baba asingalijua maisha yake yote.

3. Sababu za kilio hiki

Na ijulikane ya kuwa kilio cha namna hii hakiji bure, wala si alama ya kukosa shukrani, wala si dalili ya shetani kumpanda mtoto. Sababu zake ni hizi.

Kwanza, ni uchovu na njaa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne yampasa alale saa 10 mpaka 13 katika kila siku, na usingizi wa mchana umo katika hesabu hiyo. Aliyeamka usiku wa manane kwa shauku, akanyimwa kulala mchana, amekwisha kushindwa kabla mgeni wa kwanza hajafika.

Pili, furaha kubwa na khofu kubwa hupita katika mlango mmoja. Moyo hupiga mbio kwa yote mawili, na mtoto hajui kuyatenga. Mtu mzima mwenyewe hulia machozi siku ya kumwoza binti yake, na hapana anayemwambia amekufuru neema. Tena sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kuzuia na kupima, ndiyo ya mwisho kukomaa. Haitimii mpaka mtu ameipita miaka 20. Basi kumwambia mtoto wa miaka minne ajizuie kama mtu mzima ni kumtwisha gunia la mchukuzi.

Tatu, mtoto haijui siku yenyewe ni kitu gani. Wataalamu wa elimu ya nafsi waliowahoji watoto wadogo wamekuta baadhi yao wakidhani sherehe ndiyo inayomwongeza mtu umri, na asiyefanyiwa hubaki vile vile alivyokuwa. Kwa mtoto wa fikira hiyo, keki ikiharibika, umri wake nao umeharibika. Watu hucheka, naye yumo katika msiba.

Nne, ameambiwa maneno yanayopingana. Mwezi mzima husikia, "Hii ni siku yako, hii ni keki yako." Na saa ilipofika huambiwa, "Wape wengine kwanza." Ukarimu ni tabia njema, lakini haufundishwi kwa ghafla mbele ya umati, kwa kumtoa mtoto kinywani kitu ambacho wakubwa wenyewe wamemwambia ni chake.

4. Mwendo wa Mtume katika mioyo ya watoto

Asemaye kuwa kumshughulikia mtoto aliaye ni kazi ya wanawake, na ayatazame yaliyopokewa katika hadithi sahihi.

Mtume (S.A.W.) alikuwa akisalisha watu na nia yake ni kurefusha, akisikia mtoto analia, huikhafifisha sala kwa kuijua dhiki ya mama yake. Basi kilio cha mtoto kilisikiwa hata ndani ya ibada, wala hakikuhesabiwa kelele tu. Tena alisali naye amembeba Umama, binti wa binti yake Zainabu; akisujudu humweka chini, na akisimama humbeba.

Alikuwako Madina mtoto aliyeitwa Abu Umair, ndugu yake Anas bin Malik, naye alikuwa na kindege chake cha kuchezea. Kindege kikafa. Mtume alipomkuta mtoto ana huzuni alimwita kwa jina lake la heshima, kama aitwavyo mtu mzima, akamwuliza khabari ya kindege chake. Hakumwambia kuwa ndege ni kitu duni, wala kwamba wanaume hawalii. Bwana aliyekuwa na mambo ya umma mzima mabegani aliona msiba wa mtoto unastahili kuulizwa.

Na Al-Aqra bin Habis alipomwona Mtume akimbusu mjukuu wake Hasan, alisema kwamba yeye ana watoto kumi, na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamjibu kwa maana ya kwamba asiyerehemu hatarehemewa. Al-Aqra alikuwa mkubwa wa kabila lake, na alidhani ugumu ni katika ukubwa. Akaonyeshwa kinyume.

Tena Mtume mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, akabainisha ya kuwa jicho hulia na moyo huhuzunika, na ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola. Katika hayo mna kipimo kizima cha malezi: huzuni haikatazwi, bali hufundishwa adabu yake. Mtoto naye hakatazwi kulia. Hufundishwa taratibu kuwa kulia si kutupa sahani.

5. Yampasayo baba

Mtu wa pwani akiwa kwao, mtoto akilia hupokewa na bibi, au shangazi, au mama mdogo wa nyumba ya pili. Baba hutoka barazani akarudi mambo yamekwisha. Bariadi hayuko bibi wala shangazi. Mama yuko jikoni na wageni. Aliyebaki ni baba, na lililokuwa hiari yake limekuwa wajibu wake. Na ayashike haya.

Kabla ya siku: amweleze mtoto yatakayotokea, moja baada ya moja, kwa maneno machache: watakuja watu, wataimba, utakata keki, kisha watakwenda. Wageni wawe wachache. Mtoto ale na alale mchana, ijapokuwa wageni watangoja. Akitenge kipande chake mapema, akiweke kando, kisha amwombe mtoto aigawe iliyobaki. Hapo mtoto hugawa kwa moyo mweupe. Na mchezo wa kumwaga maji aukataze waziwazi kwa vijana, kwani kumtisha mtu kwa mzaha si katika adabu ya Muislamu, na mdogo ana haki zaidi ya kuaminishwa.

Wakati wa kilio: jambo la kwanza ni baba kujishika yeye. Imepokewa kuwa mwenye kughadhibika naye amesimama, na aketi. Na ikiwa haikumwondoka, na alale. Na mwenye nguvu si yule awaangushaye watu katika mieleka, bali ni anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Kisha amtoe mtoto mbele ya macho ya watu, aketi naye, anyamaze. Wakati wa mawimbi hapana mafunzo. Nahodha hamfundishi baharia kufunga tanga katikati ya tufani. Ikiwa mtoto anataka kupiga, aushike mkono wake kwa upole na kumwambia, "Sitakuacha upige." Hilo latosha.

Baada ya kilio: hapa ndipo pa maneno. Amsaidie kulitaja lililomo moyoni: "Uliogopa," au "Ulikasirika," au "Ulitaka ua lile." Mtoto anayejua jina la jambo lake kesho atalisema kwa ulimi badala ya kulitupa kwa mkono. Kisha, na kisha tu, amwambie kwa maneno mafupi kuwa sahani haitupwi, na waende pamoja waokote vipande. Na baba akiwa amemkosea, kwa mkono au kwa ukali, amwombe mwanawe radhi. Haimpunguzii heshima. Mtoto aliyeombwa radhi hujua kuomba radhi.

Imam Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra, sawa na 1111 wa Miladi, aliandika katika Ihya kwamba mtoto ni amana kwa wazazi wake, na moyo wake ni johari safi. Akatahadharisha kuwa lawama zikikithiri, mtoto huzoea kuzisikia, na maneno huanguka moyoni mwake bila ya uzito. Tena akafundisha kwamba mtoto akiteleza mara moja, yafaa kufumbiwa macho wala asifedheheshwe. Maneno haya yana zaidi ya miaka 900, nayo ni kama yameandikwa kwa ajili ya baba aliyeinua mkono mbele ya wageni.

6. Kwa asiye na uwezo

Simiyu ni mkoa wa pamba. Msimu wa kuiuza ukifunguliwa katikati ya mwaka, fedha huonekana, na maduka hupata wanunuzi. Wakati wa kulima na kupalilia mikono ni mitupu, ya mkulima na ya mwenye duka pia. Basi mtoto aliyezaliwa Januari huenda asipate alichopata mwenziwe wa Julai. Asidanganywe, wala asiambiwe "kesho" isiyokuja. Aambiwe kweli kwa upole: "Mwaka huu hapana keki. Lakini siku yako naijua, nami namshukuru Mungu kwa ajili yako." Kisha baba ampe kitu kisichonunuliwa dukani: aketi naye, amsimulie siku aliyozaliwa ilikuwaje, nani alimwadhinia sikioni, na kwa nini akapewa jina lake. Na mwenye watoto zaidi ya mmoja afanye uadilifu baina yao, kwani Mtume alikataa kuishuhudia zawadi ambayo Bashir alitaka kumpa mwanawe Nu'man peke yake bila ya nduguze.

7. Tahadhari

Asije mtu akafahamu kuwa upole ni kumwacha mtoto afanye alitakalo. Mtoto aliyelilia kitu akapewa ili anyamaze, amefundishwa kulia. Upole ni kuupokea moyo wote na kukizuia kitendo kibaya. Baba wa Bariadi hakumrudishia binti yake ua la keki, wala hakumnunulia jingine. Alimpa bega tu. Na mtoto anayejigaragaza kila siku kwa muda mrefu, au anayejiumiza, au aliyeacha kula na kusema, apelekwe kwa mganga wa hospitali bila ya kuona haya, kwani huenda ana maradhi yanayotibika.

Khatima

Wageni wa siku ile watasahau sahani iliyovunjika. Watasahau hata keki ilikuwa ya rangi gani. Mtoto naye huenda akasahau yote, lakini hatasahau jambo moja: alipokuwa hana nguvu ya kujizuia, na macho ya watu wote yako juu yake, mkono wa baba yake ulikuja kumpiga au ulikuja kumbeba. Juu ya jambo hilo hujengwa mengi. Kwani kijana atakayemwendea baba yake na siri nzito akiwa na miaka 15, ndiye yule aliyebebwa akiwa na miaka minne.

Mwenyezi Mungu awajaalie wazazi subira, na watoto wawe kitulizo cha macho yao. Amin.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini binti hakulia alipomwagiwa maji, akalia baadaye kwa ajili ya kipande cha keki?
2. Taja sababu nne za kilio cha mtoto siku ya kuzaliwa kwake.
3. Mtume alimwuliza Abu Umair khabari ya nini, na baba ajifunze nini katika hilo?
4. Ni lipi la kufanywa wakati wa kilio, na lipi lingojwe mpaka baada yake?
5. Eleza tofauti ya kuupokea moyo wa mtoto na kumpa kila alitakalo.